Mama Mwalimu wa Darasa la Uraia

Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, wengi wao wakiwa na wajukuu, na wote walimwogopa. Nimewahi kumwona Msomali mmoja mwenye malori amesimama nje ya mlango, kofia mkononi, kwa kuwa saa kumi ya alasiri ilikuwa imepita kwa dakika mbili na Mama Mwalimu ameshatia komeo. Hakugonga. Alikaa kwenye benchi langu mpaka kipindi kikaisha, akaingia kuomba radhi, akapewa kazi ya nyumbani ya wiki nzima, akashukuru.

Mimi nilikuwa mpiga chapa. Mashine yangu ya taipu ilikaa barazani, kwenye jengo lililokuwa duka la ushirika pale Majengo, Dodoma, hatua chache kutoka kwa wauza nafaka. Duka lilikuwa limekufa miaka michache kabla. Bidhaa zilipoanza kuingia kwa wingi kwenye maduka ya watu binafsi, hakuna aliyekumbuka tena kupanga foleni pale. Rafu zilibaki. Mama Mwalimu aliomba kile chumba, akapewa, akazilaza rafu juu ya matofali zikawa madawati. Ukutani palikuwa bado na maandishi ya rangi nyekundu: SUKARI KILO MOJA KWA KILA KAYA. Hakuyafuta. Aliyatumia kufundishia ngeli.

Kazi yake ilikuwa kuwaandaa wageni walioomba kuwa raia wa Tanzania. Alikuwa amestaafu kazi ya elimu ya watu wazima, na darasa hili alilianzisha mwenyewe bila kutumwa na mtu. Mwombaji alitakiwa ajue Kiswahili, ajue nchi inavyoendeshwa, ajaze fomu, atangazwe gazetini, asimame mbele ya kamati ya kata, kisha ahojiwe. Na akikubaliwa, mwisho kabisa, ale kiapo. Zamani watu wa kuja walikaa Dodoma na vijiji vyake miaka nenda miaka rudi bila kuulizwa chochote. Walioa, wakalima, wakazika. Miaka ile ya soko huria mambo yakabadilika. Viwanja vikaanza kupimwa, kila mtu akataka leseni ya biashara, vyama vikawa vingi na wapiga kura wakawa wanaandikishwa. Kila dirisha ulilosogelea, swali la kwanza likawa: wewe ni raia? Wengi waligundua hawana jibu.

Kila aliyetoka darasani alipita kwangu kuchapiwa barua, na kila barua Mama Mwalimu aliisoma kabla haijatiwa kwenye bahasha. Kuna moja niliirudia mara nne kwa sababu ya herufi kubwa iliyokaa pasipotakiwa. Mara ya nne nilinung'unika.

"Fomu haina masikio, binti," aliniambia. "Huwezi kuifuata ukaieleza kwamba ulikuwa na maana nyingine."

Nilimchukia siku ile. Baadaye nilipata kazi ofisini kwa sababu hiyo hiyo, kwamba kurasa zangu hazikuwa na makosa.

Alikuwa mfupi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Kuanzia Juni mpaka Agosti, upepo wa Dodoma unapouma, alivaa koti la kijivu la kiume juu ya kitenge. Lilikuwa koti la mtumba, na yeye hakuna kitu alichokisema vibaya kama mitumba. Alisema tumeruhusu nchi nzima ivae nguo za marehemu wa Ulaya. Akishasema hivyo hupandisha kola, akaendelea na somo. Sikumbuki mtu aliyethubutu kumwonyesha koti lake.

Kwa salamu alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Mlangoni aliwaamkia shikamoo wanafunzi waliomzidi umri, akawauliza habari za miguu na za watoto. Wakishavuka kizingiti, wao ndio waliosimama. "Nje wewe ni baba yangu," alimwambia Mwarabu mmoja wa Kishihiri, muuza halua, aliyechelewa kunyanyuka. "Humu ndani bado hujawa mtu wangu. Simama."

Hakuwa na sauti ya kuimba. Wimbo wa taifa aliuanzisha juu mno, ukamshinda kwenye mstari wa pili, akamwachia yule Msomali wa malori, ambaye alikuwa na sauti nzito nzuri na aliuimba amefumba macho. Wauza nafaka wa jirani waliacha kupima mtama, wakasimama wima mpaka uishe. Walisema ni lazima. Nadhani waliipenda tu ile sauti.

Mtihani wake wa Kiswahili aliufanyia sokoni. Alimtuma mwanafunzi kwa muuza uwele aliyejulikana kwa ubishi, naye akajibanza nyuma ya magunia kusikiliza. Mwanafunzi alitakiwa aulize bei, aikatae, atukanwe kidogo, ajibu kwa adabu, aondoke, aitwe arudi. Aliyeshindwa kuitwa arudi alirudia mwezi. Kwa maoni yake, mtu anayeweza kumlainisha yule mama wa uwele anaweza kujibu swali lolote la serikali.

Na jambo moja alilokariri kila siku, mpaka nami barazani nikawa nalisema bila kujua: "Jibu ulichoulizwa." Wageni wengi, kwa hofu, walijibu zaidi. Wakiulizwa wameingia nchini mwaka gani, walianza na njaa iliyowakimbiza na jina la ng'ombe aliyekufa njiani. Mama Mwalimu aligonga rafu kwa rula. "Mwaka! Umeulizwa mwaka. Ng'ombe hajaulizwa."

Sitaki kumfanya mtakatifu. Ulimi wake ulikuwa mkali, na wakati mwingine uliumiza watu bila faida. Palikuwa na mama mmoja Mrundi, mshonaji, mtu mpole, aliyekuwa akichanganya r na l. Mama Mwalimu alimsimamisha aseme "rais wa jamhuri" mbele ya wote. Yule mama akasema "lais". Akarudishwa. Akasema "lais" tena. Siku ya tatu ya mchezo huo darasa lilikuwa halicheki tena, lilikuwa linatazama chini.

"Mwalimu," yule mshonaji akasema taratibu, "na wewe ukikasirika husemi mtu. Unasema munhu."

Ilikuwa kweli. Akipandwa na hasira, Kigogo kilimtoka puani. Nilichungulia dirishani nione itakuwaje. Mama Mwalimu akaenda ubaoni akaandika rais, chini yake akaandika mtu.

"Tuna wiki moja," alisema. "Wewe utajifunza lako, na mimi nitajifunza langu."

Sijui kama alijifunza. Ila yule mama hakusimamishwa tena.

Alipenda kufundisha lililoandikwa, wala hakuongeza lake. Nchi ilipoingia kwenye vyama vingi alichukua daftari lake la masomo, akakata mstari mmoja kwa rula, akaandika mpya juu yake, na kesho yake akafundisha huo mpya kwa sauti ile ile aliyofundishia ule wa zamani. Muuza halua akamwuliza yeye mwenyewe anaamini lipi.

"Mimi sihojiwi," alijibu. "Fungua ukurasa wa sita."

Lakini jioni moja, wote walipokwisha kuondoka, nilimkuta ameketi peke yake kwenye rafu, ameushika ukurasa ule uliokatwa. Aliniambia alikuwa ameufundisha mstari ule kwa miaka ishirini na miwili, vijijini, wakati mwingine kwa kuandika mchangani kwa kijiti. Hakusema kama ulikuwa mzuri au mbaya. Alifunga daftari, akaniuliza kama nimechapa barua ya mshonaji.

Jambo ambalo hakulivunja ni moja: hakumsindikiza mtu kwenye mahojiano wala kwenye kiapo. Waliomba, walibembeleza. "Mwisho wangu ni mlangoni," alisema. Alieleza kwamba mtu akisimama pale na mwalimu wake, atakuwa anamtazama mwalimu badala ya kumtazama anayemuuliza, na hapo amekwisha. Watu waliliona hilo kuwa ukatili kidogo. Mimi nililiona kuwa busara, mpaka alipokuja mzee wa Kongwa.

Mzee huyo nilimfahamu mimi, maana kwetu ni Kongwa. Alikuja ujanani kutoka Nyasa, siku hizo Malawi haijaitwa Malawi, Waingereza walipokuwa wanang'oa vichaka ili walime karanga. Alikuwa dereva wa trekta. Mradi ulipokufa, wenzake wengi walirudi makwao. Yeye alikuwa ameshaoa Mgogo, akabaki, akalima mtama na karanga, akawa mzee wa kanisa. Kigogo alikisema kutushinda baadhi yetu. Mkewe alipofariki, mpwa wa mkewe alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema mgeni hana haki ya shamba. Hakuna aliyekuwa amemwita mgeni kwa zaidi ya miaka arobaini. Viongozi wa kijiji waliona aibu, lakini sheria ni sheria. Wakamwambia alete karatasi. Alikuwa na binti mmoja, mjane, mwenye watoto wanne, na wote walikula kutoka kwenye lile shamba.

Mimi ndiye niliyempeleka kwa Mama Mwalimu.

"Shikamoo, Mzee," alimpokea mlangoni.

"Marahaba, Mwalimu. Nimeambiwa unafundisha watu kuwa Watanzania."

"Nafundisha kujibu maswali. Kuwa, utajua mwenyewe."

Alihamia kwa ndugu wa kanisani, pale Chang'ombe, akasoma kwa miezi saba. Kiswahili chake kilikuwa cha mashineni, kimejaa majina ya vyuma na amri za wasimamizi, kilichobaki Kigogo. Kwa mama wa uwele alishindwa mara mbili. Mara ya tatu aliitwa arudi, akaongezewa na kibaba cha bure. Mahojiano aliyapita. Gazetini hakuna aliyempinga, hata yule mpwa, ambaye nadhani hakuwa msomaji. Barua ikaja kwamba amekubaliwa, bado kiapo.

Siku hiyo Mama Mwalimu alimsomea maneno ya kiapo darasani, kama alivyomsomea kila mtu, ili ayazoee. Pale mwishoni palikuwa na sehemu ya kuacha uraia wa zamani, maana nchi yetu haikubali mtu awe na uraia wa nchi mbili. Mwombaji alitakiwa atamke kwamba anaukana.

Mzee aliinua mkono.

"Kukana ndiyo nini, Mwalimu? Ndiyo ile ya Petro na jogoo, mara tatu?"

"Hii ni ya kisheria, Mzee."

"Petro naye alikuwa uani kwa watu wa sheria."

Mama Mwalimu alivua miwani.

"Unakana uraia," alimwambia. "Hukani mtu."

"Uraia wa kule sijawahi kuushika mkononi. Nilitoka na shuka na kopo la maji. Huko nilikoacha kitu ni mama yangu, na dada yangu mdogo, na kaburi la baba. Hivyo ndivyo nilivyo navyo. Nikisema nakana, nakuwa nakana nini?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona Mama Mwalimu akiweka rula chini kipindi kikiendelea. Mzee alikusanya daftari lake, akatoka, akapita mbele ya mashine yangu bila kuniangalia. Kesho yake alirudi Kongwa.

Kwa jinsi nilivyomjua Mama Mwalimu, nilidhani atasema basi, mwisho wake ni mlangoni. Badala yake alikwenda mahakamani kuuliza kama mtu anaweza kusema "naacha" badala ya "nakana". Hakimu alimsikiliza vizuri, akamwambia neno lililoandikwa ndilo litakalosomwa. Yeye mwenyewe, miaka yote, ndivyo alivyowaambia wanafunzi. Alitoka pale, akaja barazani kwangu, akasema, "Jumamosi unifikishe kwenu."

Tulimkuta mzee shambani. Mama Mwalimu hakumzungumzia sheria. Alikaa naye chini, wakapukuchua karanga, akamwuliza dada yake alikuwa wa namna gani. Mzee akaeleza mambo ya miaka hamsini iliyopita. Saa mbili nzima hakuna aliyegonga rula. Mwisho Mama Mwalimu akasema, "Basi tumwandikie. Tumwombe ruhusa. Akikubali, utasema neno lile ukiwa na ruhusa yake."

"Na wasipojibu?"

"Hapo nitakuja tena tuketi."

Barua aliitunga mzee kwa Kigogo, Mama Mwalimu akaigeuza Kiingereza, mimi nikaichapa herufi kwa herufi bila kuelewa zaidi ya nusu. Ndiyo barua pekee ambayo hakuisahihisha. Mzee alieleza mpaka habari za ng'ombe, naye aliziandika zote. Chini tukaweka anwani ya pale Majengo. Tuliituma kwenye parokia ya huko kwao, kwa kuwa jina la kijiji mzee alilikumbuka lakini sanduku la posta hakuna aliyelijua.

Hawakujibu. Miezi minane ilipita. Siku ya kiapo ilikuwa imeshaahirishwa mara moja, na karani alikwisha kusema haitaahirishwa tena. Kule kijijini yule mpwa alikuwa amefyeka mpaka mpya katikati ya shamba na kupigilia vigingi. Mama Mwalimu alikwenda tena Kongwa, safari hii peke yake. Alivyorudi aliniambia tu, "Atakuja Alhamisi. Na mimi nitaingia."

Nilidhani sikusikia vizuri.

Alhamisi ile nilibeba faili. Tulikaa benchi la nyuma. Mzee alivaa suti ya kanisani, ameshika karatasi kwa mikono miwili. Alisoma vizuri, polepole, kila neno likiwa kamili, mpaka akafika kwenye neno lile. Akasimama.

"Endelea, mzee," hakimu alisema.

Hakuendelea. Akageuka nyuma, akamtazama mwalimu wake, kama vile alivyokuwa akionya kwamba watu watafanya.

Mama Mwalimu alisimama. "Mheshimiwa, naomba nimpelekee maji."

Hakimu aliruhusu. Alimpelekea kikombe, akasubiri anywe, na alipokuwa akikipokea tena kikombe alimwambia kwa Kigogo, kwa sauti ya chini ambayo niliisikia kwa kuwa chumba kilikuwa kimya: "Nipo hapa nyuma yako. Soma." Hakurudi kwenye benchi. Alibaki amesimama hatua moja nyuma ya mzee, kikombe mkononi.

Mzee akasoma. Hakimu hakusikia, akamwomba arudie. Akarudia. Karani naye, aliyekuwa akiandika, akaomba mara moja zaidi. Mzee akasema mara moja zaidi.

Tulipotoka nje kwenye jua alisema, "Tatu." Hakusema kingine mpaka tukafika Majengo.

Shamba lilibaki lake. Mpwa aliondoa vigingi mwenyewe, na nasikia baadaye alikuja kuomba radhi na jogoo mkononi, jambo lililowafanya wazee wa kanisa kucheka pembeni. Karatasi ya uraia mzee aliiweka ndani ya Biblia. Binti yake na wajukuu wakaendelea kula.

Mama Mwalimu hakulizungumza. Ila darasani alibadilisha kitu. Maneno ya kiapo hakuyasoma tena mbele ya wote. Kila aliyefikia hatua hiyo alimwita nje, akaketi naye kwenye benchi langu, akamwuliza kwanza ameacha akina nani huko alikotoka. Alimwacha aseme. Yule Msomali, mtu wa miraba minne, nilimwona analia pale barazani kama mtoto kwa ajili ya shangazi yake. Kisha ndipo walipolisoma neno. Na mahakamani alianza kuingia. Kwa kila mtu. Nilimkumbusha msimamo wake wa zamani kuhusu mlango.

"Nilikuwa nakosea," alisema. "Chapa kazi."

Jengo likaja kununuliwa na mfanyabiashara wa sabuni za jumla. Maandishi ya sukari yakapakwa rangi. Darasa lilihamia kibarazani kwake, likapungua, magoti yakamsumbua, likaisha. Mimi nilikuwa nimeshapata kazi ya ukatibu muhtasi, na Kiingereza nilikuwa nimejifunza jioni, kwa ajili ya kazi. Nilimtembelea sikukuu mpaka sikukuu.

Ndipo mchana mmoja akaja mgeni ofisini kwetu, mwanamume wa makamo, viatu vimejaa vumbi la safari ndefu. Alikuwa ametoka Malawi. Alikuwa na barua ndani ya mfuko wa plastiki, nami niliitambua kabla hajaifungua, maana herufi e ya mashine yangu ilikuwa imeinama. Alikuwa ameifuata anwani mpaka kwenye lile duka la sabuni, na wauza nafaka wakamwelekeza kwangu. Barua ilikuwa imekaa miaka kwenye kabati la parokia, paroko mmoja akihama na mwingine akija, mpaka aliyekuwa anapanga makaratasi alipoikuta. Mgeni huyu alikuwa mtoto wa yule dada.

Niliazima gari la mwenzangu wa kazini. Tulimpitia Mama Mwalimu nyumbani kwake. Alikuwa amezeeka sana, anatembelea fimbo, lakini alivyosikia alivaa viatu bila kuuliza swali.

Mzee tulimkuta ameketi nje ya nyumba yake. Alikuwa hasikii vizuri sikio moja. Mgeni alipiga magoti mbele yake kama kwao wanavyofanya, akamwamkia mjomba wake kwa Kinyanja: "Muli bwanji, amalume."

Mzee alimtazama midomo. "Bwanji," alirudia. Alitafuta la kufuata, halikuja. Akacheka kwa aibu. "Imebaki salamu tu, Mwalimu. Vingine vyote vimekwenda."

Mgeni hakujua Kiswahili wala Kigogo. Basi Mama Mwalimu alivuta kigoda akakaa katikati yao, akawa anageuza Kiingereza cha huyu kwenda Kigogo cha yule. Walizungumza muda mrefu: nani amezaa, nani amekufa. Mama yake mzee alikuwa amekufa zamani. Dada yake naye alikuwa amekufa kabla barua haijatoka kabatini. Mzee alilipokea hilo kwa kuinamisha kichwa, akakaa hivyo, na sote tukamngojea.

Halafu akasema, "Mwambie niliwakana."

"Mzee, hilo si la leo," Mama Mwalimu alisema.

"Mwambie. Na neno usilipunguze."

Mama Mwalimu aliangalia fimbo yake. Nilifikiri atalizungusha neno, na sidhani kama ningemlaumu. Lakini alimgeukia mgeni akamwambia yote, na sasa Kiingereza nilikifahamu: kwamba mjomba wake alisimama mbele ya hakimu, kabla ruhusa aliyoiomba haijafika, akawakana, mara tatu. Hakupunguza kitu.

Mgeni akaanza kusema, akasita, akaendelea kwa kirefu. Mama Mwalimu alimwomba arudie sehemu moja.

"Anasema kwao walikungoja miaka kumi," alimwambia mzee. "Hawakupata habari. Wazee wa ukoo wakasema inatosha. Wakachimba kaburi, wakazika shati lako la shule. Walinyoa nywele, mama yako akalia siku zote za msiba. Anasema ameogopa kukuambia tangu alipofika, lakini kule wewe ni marehemu."

Mzee akauliza, "Kaburi lipo?"

Akaulizwa mgeni. "Lipo. Anasema analipalilia yeye mwenyewe kila mwaka."

Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikasogea. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, binti yake akatoka ndani mbio kuona kuna nini.

"Basi tumetoka sare!" alisema, machozi yakimtoka. "Mwambie, Mwalimu. Mwambie tumetoka sare."

Mama Mwalimu hakuwa amewahi kusimama kwenye uwanja wa mpira maisha yake yote. Alinigeukia.

"Binti," alisema, "sare kwa Kiingereza ni nini?"

Tangu nimjue hakuwahi kuniuliza neno.

"Sema droo, Mama."

"Droo," alimwambia mgeni, bila uhakika.

Mgeni aliduwaa kidogo, kisha akapiga makofi, akamshika mzee mikono yote miwili, nao wakacheka pamoja, kila mmoja akisema maneno ya kwao ambayo mwenzake hakuyaelewa na wala hakuyasubiri. Mama Mwalimu alikaa pale katikati, akigeuza kichwa huku na huku, mpaka alipoona hakuna anayemtazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akajisukuma na kigoda chake nyuma kidogo ili wasogeleane.

"Kamsaidie binti yake chai," aliniambia. "Hawa hawatuhitaji tena."